MWIMBISHAJI HUTOKA WAPI, NA HUFUNDISHA VIPI?

Mada ya Katibu wa Kwaya katika semina ya maandalizi ya Jubilei ya Miaka 25





Kamati ya jubilei iliponiomba nitoe mada, ilinipa uhuru wa kuchagua. Najua wengi mlitarajia nizungumze juu ya nidhamu ya mazoezi, kwa kuwa kitabu cha mahudhurio kiko kwangu na sina huruma na wanaofika saa tisa wakati mazoezi ni saa nane. Leo hilo naliacha. Nataka kuzungumza juu ya mtu ambaye katiba ya kwaya yetu haimtaji. Tuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwalimu wa kwaya, msaidizi wake, mtunza vifaa, hata mtu wa sare. Lakini yule anayesimama mbele ya maandamano ya matoleo, akaanzisha wimbo wa asili, akaita, tukaitikia, akageuka, na sisi tukageuka naye, huyo hana cheo. Kwaya yetu ina watatu wa namna hiyo. Aliye mdogo wao ana miaka 58.

Nawaomba mlitafakari hilo. Soprano akiondoka, tutapata mwingine. Mpiga kinanda akihamia Kitengela, tutalia wiki mbili kisha tutapata mwingine. Hawa watatu wakiondoka, zile nyimbo za matoleo ambazo wageni husafiri kutoka mitaa mingine kuja kuzisikia zitabaki kwenye simu zetu tu.

Wengi wetu humwita soloisti. Mimi napenda zaidi neno mwimbishaji, kwa sababu kazi yake si kuimba peke yake bali ni kuwafanya wengine waimbe. Kiswahili kina maneno mengine mazuri ambayo tumeyasahau huku bara: manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na sogora, yaani fundi aliyebobea katika kuzipiga. Jamii isiyothamini kazi hiyo isingekuwa na haja ya kuipa majina mawili.

Tuchukue mfano ambao wote tumeuona, isukuti. Hii ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ingawa hapa Nairobi tumezoea kusema tu ni ya Waluhya. Ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo wenyewe huzieleza kama baba, mama na mtoto. Kuna pembe ya swala na njuga za chuma. Wanaume wana safu yao, wanawake yao. Mbele yao kuna mwimbishaji. Yeye ndiye huamua maneno kulingana na shughuli: kama ni harusi ataimba ya harusi, kama ni mazishi atamtaja marehemu na watu wake. Huimba huku akisikiliza ngoma, na ngoma nazo humsikiliza yeye. Akiongeza kasi, safu huongeza. Akishusha bega, safu hushusha.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotolewa zinatuhusu hata sisi ambao si wa Kakamega: watunzi na waimbishaji wengi ni wazee na hawana warithi, fedha za ala na mavazi ni haba, na watu wanapenda zaidi burudani za kisasa. Someni tena sababu ya kwanza. Hawakusema nyimbo zimekwisha wala watu wamechoka kucheza. Walisema wanaoita ni wazee.

Kwingine wito huja kwa njia nyingine. Katika zile ngoma za Wakamba za kuruka na kupinduka, filimbi ndiyo mdomo wa kiongozi. Mlio mmoja, na safu nzima inabadilika kama mtu mmoja. Mwomboko wa Wakikuyu, uliopata nguvu kati ya miaka ya 1930 na 1940, huchezwa jozi kwa jozi: hatua mbili, goti linakunjwa kidogo, mnageuka. Pale anayeshika hatamu ni mpiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, pamoja na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma. Wachezaji hawamtazami usoni, wanamsikiliza tu. Kwa hiyo mwimbishaji anaweza kuita kwa sauti, kwa filimbi, kwa chuma, kwa bega. Kila mara ujumbe ni kwamba jambo fulani linakuja, jitayarisheni.

Sasa, watu hawa hutoka wapi? Nimewauliza wetu watatu, na nimewauliza wengine wa parokia jirani ambao tumekutana nao kwenye mashindano ya dekania. Ninaona njia nne, na hazilingani kwa uzito.

Ya kwanza ni nyumbani. Mama yetu mmoja wa alto, ambaye akianza wimbo hata walinzi wa lango husogea karibu, hakufundishwa na mtu kwa maana ya kukalishwa chini. Alikuwa mtoto aliyebebwa mgongoni kwenye matanga, kisha mtoto aliyesimama ukingoni mwa mduara, kisha msichana aliyeitikia, na siku moja shangazi aliyekuwa akiimbisha alipoishiwa sauti karibu na alfajiri, wimbo ukamwangukia yeye. Nilipomuuliza alijuaje la kufanya, alinitazama kama vile nimemuuliza alijuaje kutafuna.

Msidhani njia hiyo iko kijijini tu. Wazazi na babu zetu walipokuja kufanya kazi Nairobi walikuja na ngoma zao. Makongeni kwa watu wa reli, Kaloleni, Shauri Moyo, Maringo, Jericho: katika mitaa hii kulikuwa na vyama vya watu wa nyumbani, na mikutano ya kuchangia msafara wa mwili kurudishwa kijijini ilikuwa na nyimbo. Mpaka leo ukipita karibu na uwanja siku AFC Leopards wanacheza, utasikia isukuti kabla hujauona uwanja. Klabu hiyo ilianza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na mashabiki wake wamekuwa darasa kubwa la uimbishaji kuliko shule nyingi ninazozijua. Kuna kijana wa besi hapa, sitamtaja, ambaye sauti yake ya kuita aliipata kwenye jukwaa la mashabiki na wala si kwenye mazoezi ya Jumamosi. Alipokuja kwetu ilibidi tumpunguze kidogo, maana alikuwa akiita "Bwana utuhurumie" kama anayedai penalti.

Ya pili ni makanisa yenyewe. Sisi Wakatoliki hapa tulichelewa kidogo. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ngoma haikuwa na nafasi kubwa ndani ya misa. Ile hati ya liturujia ya mwaka 1963 ndiyo iliyosema wazi kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Wenzetu hawakungoja. African Israel Nineveh, kanisa lililoanzishwa mwaka 1942 na Zakayo Kivuli kule Nyang'ori, lilijengeka juu ya maandamano yenye bendera na ngoma. Jumapili asubuhi mnawaona katika mitaa yetu, wamevaa nyeupe, kiongozi mbele, wito na mwitikio kutoka kona hadi kona. Wakorino nao wana ngoma zao. Mwimbishaji wetu wa pili, mzee wa teno, alilelewa katika kanisa la namna hiyo kabla ya ndoa kumleta kwetu. Anajua kuimbisha watu wanaotembea, jambo ambalo ni gumu kuliko kuimbisha waliosimama, kwa sababu walio nyuma humsikia akiwa amechelewa. Ndiyo maana maandamano yetu ya matoleo hayakatiki katikati. Yeye hurudi nyuma kila baada ya ubeti mmoja, anaita tena akiwa katikati ya msafara. Wengi mlidhani anasahau nafasi yake.

Njia ya tatu ni shule, na hapa lazima niseme na mimi nimo. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu mwaka 1927, na kwa vizazi kadhaa sasa watoto wa Kenya wamejifunza ngoma za jamii mbalimbali kwa sababu mwalimu wa muziki aliamua kupeleka shule kwenye tamasha. Mtoto wa Umoja anaweza kucheza ngoma ya Wagiriama bila kuwahi kuvuka Mtito Andei. Hilo ni jambo jema na nitalitetea mbele ya mtu yeyote. Tamasha limetufundisha kuingia na kutoka jukwaani kwa utaratibu, kupanga safu, kuheshimu muda, kuvaa vizuri, kutunza ala.

Lakini lina upungufu ambao walimu wenzangu tunaujua na hatupendi kuusema mbele ya mwalimu mkuu. Mwimbishaji wa tamasha hukariri. Hupewa beti sita kwa mpangilio, na mpangilio huo hufanyiwa mazoezi miezi mitatu mpaka kila kidole kinajua mahali pake. Siku ya tamasha anaita beti sita, anainama, anatoka. Mweke mtoto huyohuyo kwenye harusi ambapo bibi harusi amechelewa na watu wanahitaji wimbo wa dakika arobaini, ataishiwa katika dakika ya nne. Anajua wimbo ule. Kuimbisha hakuwahi kufundishwa.

Njia ya nne ni vikundi vya kulipwa. Mwaka 1971 serikali iliunda Bomas of Kenya, na wachezaji wake hufanya kazi hii kwa mshahara, wakicheza ngoma za jamii nyingi na si za kwao tu. Kutokana na mfano huo vimezaliwa vikundi vingi vidogo mitaani mwetu, vya kukaribisha wageni, vya harusi, vya mikutano ya wanasiasa. Wana nguvu na wana mavazi. Kuhusu ualimu wao sitasema mengi, ila hili: kikundi kimoja cha vijana wa mtaa fulani kiliwahi kumkodisha mkufunzi wa namna hiyo wiki tatu kabla ya mashindano. Alikuja, akawapanga, wakacheza vizuri sana, akalipwa, akaondoka. Mwaka uliofuata hakuna hata mmoja aliyeweza kuanzisha wimbo ule. Hakuacha mwimbishaji. Aliyekuwa akiimbisha ni yeye mwenyewe, kutoka pembeni, kwa kupiga makofi.

Hapo ndipo nataka tuingie katika ualimu wa waimbishaji wetu, kwa sababu wao huufanya bila kuuita hivyo. Nina diploma ya ualimu. Nilifundishwa kuandaa azimio la kazi, malengo ya somo, zana, tathmini. Nimekaa nyuma ya ukumbi wetu na daftari kwa mwaka mzima nikiwatazama hawa wazee wakifundisha, na nitawaeleza niliyoyaona.

Kwanza, huanza na mdomo. Hawamruhusu mtu kutikisa mguu kabla hajaweza kuitikia. Mwanzoni unaona ni kupoteza muda, kwa kuwa vijana wanataka kucheza. Lakini mtu anayejua mwitikio ana saa ndani yake. Miguu ikipotea, mdomo utairudisha. Anayefundishwa miguu kwanza kwa "moja, mbili, tatu, nne" akipotea hana pa kurudia, atasimama amtazame jirani. Na jirani naye labda amepotea.

Pili, wito huja kabla. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote na ningependa waliokaa nyuma walisikie. Mwimbishaji mzuri haiti hatua wakati wa hatua. Anaiita watu wakiwa bado wanamalizia iliyotangulia, mapigo mawili au manne mapema, ili wawe na nafasi ya kupumua na kujiandaa. Akichelewa, hata wachezaji hodari wataonekana wajinga. Ukiona safu imevunjika, usiwalaumu safu kwanza.

Nilidhani hili ni letu tu mpaka niliposoma kuhusu Marekani. Kule kuna dansi ya asili ambapo jozi nne husimama katika umbo la mraba, na mtu mmoja huita kila hatua kwa sauti huku muziki ukipigwa. Naye huita mbele ya mapigo, vilevile. Aliyeifanya kazi hiyo ijulikane upya alikuwa mwalimu, Lloyd Shaw, msimamizi wa shule ya Cheyenne Mountain huko Colorado Springs. Alianza na wanafunzi wake, mwaka 1939 akachapisha kitabu kiitwacho Cowboy Dances, kisha akaendesha madarasa ya kiangazi kwa ajili ya wale wanaotaka kujifunza kuita. Darasa la kucheza lilikuwepo, lakini yeye aliona wenye kuita nao wanahitaji darasa lao. Kuna tofauti moja kati yao na sisi: mwitaji wao husimama pembeni na kipaza sauti, hachezi. Wetu yuko ndani ya ngoma, jasho linamtoka. Wao wana desturi nyingine ambayo ningependa tuiige: kabla ya muziki kuanza, mwitaji huwatembeza wachezaji hatua zote polepole. Kwetu wageni huvutwa tu ndani ya safu wakaambiwa "utashika".

Tatu, hawasimamishi wimbo ili kumrekebisha mtu. Mimi darasani mtoto akikosea nasimama, nafuta ubao, naanza upya. Mama yetu wa alto haachi kuimba. Akimwona mtu amekosea, jina lake linaingia ndani ya wimbo. Anasifiwa, anataniwa, anaulizwa jana alilala wapi, na yote hayo yako kwenye mdundo. Watu wanacheka, aliyekosea anacheka, na kwa sababu sasa macho yote yako kwake, anajirekebisha. Hakuna aliyeondoka na aibu. Jaribuni kufanya hivyo kwa kalamu nyekundu.

Nne, mahali pa kusimama. Kama unawatazama unaowafundisha, kulia kwako ni kushoto kwao, na nusu ya saa itapotea kwa kubishana kuhusu mkono. Mzee wetu wa teno huwapa mgongo akifundisha hatua, kisha huwageukia akifundisha maneno. Mgongo kwa miguu, uso kwa mdomo. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu asiwape wanafunzi mgongo. Katika jambo hili nawaambia wanafunzi wangu wa mazoezi ya ualimu wamfuate mzee.

Na huchanganya. Kila mgeni huwekwa kati ya wajuzi wawili, bega kwa bega. Vijana wetu hupenda kujipanga kwa urafiki, wapya wote nyuma, na ndiyo maana nyuma kuna vurugu miezi sita.

Lakini tusiwapambe wazee kupita kiasi. Wana udhaifu, na udhaifu wenyewe ni ualimu. Mtu aliyejifunza kwa kuishi ndani ya jambo mara nyingi hawezi kulivunja vipande vipande. Ukimwambia mama yetu, "Turudie ile sehemu ya kugeuka tu," anashangaa. Kwake hakuna sehemu, kuna wimbo. Ataanza mwanzo. Mara kumi ataanza mwanzo. Kijana aliyezaliwa Kayole, mwenye mtihani Jumatatu na matatu ya kuwahi, atakata tamaa katika mara ya nne. Mwalimu wa shule kwa upande wake anaweza kuvunja wimbo vipande ishirini na kumpa kila mtu chake, ila akiambiwa avikusanye tena vikawa ngoma, kuna kitu kimepotea. Kwa hiyo mimi sioni aliye bora kati ya hao wawili. Naona watu wawili wanaohitaji kukaa katika chumba kimoja.

Historia inaonyesha inawezekana. Ile Missa Luba ya Kongo ya mwaka 1958 ilizaliwa Kamina, katika kwaya ya padre Guido Haazen iliyokuwa na wavulana wa shule pamoja na walimu wao. Walimu hawakusimama pembeni na fimbo ya kondakta. Waliimba, wakatoa vionjo vya nyumbani kwao, watoto wakaitikia. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 1990, Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga, Mkenya mwenzetu, wakairekodi upya na ikasikika dunia nzima.

Kuna swali moja ambalo huzungumzwa nje ya ukumbi na halisemwi ndani, nami nitalisema: nani ana haki ya kuimbisha ngoma ya nani? Sisi ni kwaya ya Eastlands. Katika safu moja kuna Mkamba, Mluhya, Mjaluo, Mkikuyu, Mtaita, Mmeru na watoto ambao wakiulizwa kabila husema "mimi ni wa Donholm". Mwaka juzi kijana ambaye wazazi wake wanatoka Machakos alijitolea kujifunza kuimbisha isukuti, na baadhi yetu, tena wazee, wakamuuliza anatafuta nini huko. Hakurudi tena kujitolea.

Kwa maoni yangu tulipoteza mwimbishaji siku hiyo. George Senoga-Zake alizaliwa Uganda. Alikuja kwetu, akafundisha, akawa mmoja wa watu watano waliotayarisha wimbo wetu wa taifa mwaka 1963, na mwaka 1986 akatoa kitabu Folk Music of Kenya, ambacho walimu wa muziki bado tunakitumia kujua ngoma za makabila yetu wenyewe. Wimbo wa taifa nao una sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, na hakuna Mkenya anayeuliza kama ana haki ya kuuimba.

Haki anayo yeyote anayekubali kujifunza. Kinachohitajika ni ajifunze maneno na maana yake, si milio tu. Na hili si jambo dogo kanisani. Wito hubeba ujumbe, na ujumbe huwa na uzito. Muthirigu, ile ngoma ya Wakikuyu iliyowasema wamisionari na machifu, serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1930, na haikuwa kwa sababu ya hatua zake za miguu. Ilikuwa kwa sababu ya maneno aliyoyaita mwenye kuita. Tunapochukua wimbo wa harusi tukaubadilisha maneno ili uwe wa matoleo, kama tulivyofanya mara nyingi, lazima mtu mmoja ajue yalikuwa maneno gani mwanzo. Wapo wageni kanisani wanaoyajua ya zamani. Nimewahi kuona bibi mmoja katika benchi la tatu akiziba mdomo kwa leso asicheke wakati wa matoleo, na sidhani alikuwa na kikohozi.

Kamati imenipa nafasi ya kuleta mapendekezo. Ninayo haya, na yameshapita kwa mweka hazina.

Kila mmoja wa waimbishaji wetu watatu apewe wanafunzi wawili kuanzia mwezi ujao, na angalau mmoja asiwe wa jamii ya ngoma hiyo. Wanafunzi hawa wasiwe wale wenye sauti nzuri tu. Sauti nzuri tunazo nyingi. Tuwatafute wenye masikio, wale ambao ukikosea wanageuka kabla hujamaliza kukosea. Kijana wa Machakos atafutwe na aombwe radhi kwa jina la kwaya. Mwenyekiti amekubali kwenda mwenyewe.

Mwalimu mmoja wa shule akae na kila jozi. Kazi yake si kufundisha. Ni kuvunja wimbo vipande pale mwanafunzi anapokwama, na kuandika: maneno ya asili, maana yake kwa Kiswahili, maneno ya kanisa, mapigo ambapo wito huanza. Nimejitolea kuwa mmoja wao. Wapo wengine wawili katika kwaya hii wenye taaluma hiyo, na wanajijua.

Wazee wapewe nauli. Wanatoka Dandora na Kariobangi, na mmoja sasa anaishi Ruai. Miaka yote hii tumewalipa kwa chai na mkate, na hawajalalamika, jambo ambalo linatuaibisha zaidi.

Video zirekodiwe, ndiyo, lakini ziwe za mazoezi na si za sherehe. Sherehe inaonyesha wimbo uliokwisha iva. Mwanafunzi anahitaji kuona mama akisema "hapana, sikiliza tena" mara ya saba.

Na katika Jumapili moja ya kila mwezi, matoleo yaimbishwe na mwanafunzi, mzee akiwa ndani ya safu akiitikia kama sisi. Padre Paroko amelikubali hili kwa sharti kwamba misa isizidi saa mbili. Mwanafunzi akikwama, mzee ataokoa wimbo kutoka alipo, wanajua namna. Ninyi waamini mtakaokuwa kwenye mabenchi tunawaomba kitu kimoja tu: mkisikia sauti mpya inaita na inatetemeka, itikieni kwa nguvu zaidi ya kawaida.

Mazoezi ya kwanza ni Jumamosi baada ya sherehe, saa nane kamili, ukumbi mdogo nyuma ya ofisi ya parokia. Ngoma zitakuwepo. Kitabu cha mahudhurio pia.